Nani Atamtukana Mzee Jilala

Kazi ya kuandika maneno ya wagonjwa ilianza kwa sababu ya mama mmoja wa Sikonge. Alikuja kwa miguu kumwona mwanawe katika hospitali yetu ya misheni, nje kidogo ya mji wa Tabora, akakuta kijana amekwisha kuzikwa. Hakulia mara moja. Kwanza aliuliza, "Alisema nini?" Sista Agneta akatutazama, na sisi tukatazamana. Kila mmoja wetu alikuwa amempa yule kijana dawa, au uji, au maji ya kunawa, lakini hakuna aliyekuwa ameketi kumsikiliza.

Sista Agneta alikuwa Mzungu wa haraka haraka, lakini jambo lile lilimkaa moyoni. Siku chache baadaye aliniita. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu. Nilikuwa nimemuuguza mume wangu pale hospitali mpaka akafariki, na hata baada ya hapo sikuacha kwenda, maana kulikuwa na wagonjwa wasio na ndugu wa kuwalisha. Kusoma na kuandika nilifundishwa misheni nilipokuwa msichana. Siandiki upesi, lakini mwandiko wangu husomeka.

"Bertila," alisema Sista, "keti na wale walio wagonjwa sana. Waache waeleze maisha yao wenyewe, na wewe andika kama wanavyosema. Jamaa zao wakija, wawe na kitu cha kuondoka nacho."

Basi nikawa naenda kila asubuhi na karatasi zangu. Wengi walianza kwa kusema hawana la kueleza, kisha wakaeleza mpaka mkono ukaniuma. Mmoja alitaka niandike majina ya ng'ombe wake wote. Mama mmoja wa Goweko alinieleza jinsi alivyozaa pacha katikati ya shamba la mahindi, na mumewe, mtu aliyeogopa damu, alivyomshika mkono huku amefumba macho. Niliyapenda maneno hayo. Nilijifunza kwamba mtu aliye karibu kufa hazungumzii sana kufa. Huzungumzia waliomtendea wema, na mara nyingine chakula.

Mzee Jilala aliletwa mwanzo wa kiangazi, amelazwa juu ya gari la ng'ombe. Tumboni alikuwa na uvimbe ambao daktari aliugusa mara moja tu, akaosha mikono, akaondoka. Jilala alikuwa Mnyamwezi mwenzangu, mtu mrefu, mifupa mitupu, na juu ya kila bega alikuwa na sugu nene kama kisigino. Katika ujana wake alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, akarudi na nguo na chumvi, akaenda tena. Garimoshi lilipokuja, kazi ile ikafa, naye akaenda kukaa peke yake porini akifuga nyuki. Wake zake walikuwa wamekufa. Watoto wake walichukuliwa na ile homa iliyokuja baada ya vita vya Wajerumani. Hakuwa na mtu.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia kwa Kinyamwezi siku ya kwanza, nikaketi.

"Mwangaluka, mwanangu. Wewe ndiye unayeandika watu kabla hawajafa?"

"Naandika maisha yao, baba."

"Na mimi utaandika. Lakini kwanza niambie. Nikifa, nani atanizika?"

Nikamwambia hospitali ina mahali pa kuzikia. Vijana wa kazi watachimba, na sisi akina mama wa misheni tutakuja, hata kama yeye si Mkristo. Tutamwimbia na kumlilia, hatakuwa peke yake.

"Najua mtanililia," alisema. "Nyinyi ni watu wema. Lakini nani atanitukana?"

Swali hilo nililielewa, maana mimi ni wa huku. Kwetu mtu hazikwi na ndugu tu. Lazima awepo mtani. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumtukana marehemu mbele ya watu, kumcheka alivyokuwa mchoyo au mvivu, kushuka kaburini kulijaribu kama linatosha, na kuwafanya wafiwa wacheke hata kama hawataki. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Huko njiani, mpagazi wa bara akifa mbali na kwao, Mzaramo ndiye aliyemfukia. Mzaramo akifa huku kwetu, Mnyamwezi alimfukia. Asiye na mtani wa karibu alifunikwa matawi kando ya njia, na msafara ukaendelea.

"Niliwaona wengi wa namna hiyo kule Mgunda Mkali, kwenye lile pori lisilo na maji," alisema Jilala. "Matawi yakikauka, upepo unayaondoa. Sitaki kuwa hivyo, mwanangu."

Kisha akanyoosha kidevu kuelekea kitanda cha jirani. "Yule ni Mzaramo," alisema kwa sauti ya kunong'ona ambayo wodi nzima iliisikia. "Pua ile naijua."

Aliyelala kitanda kile ni Mzee Yahaya, fundi seremala wa mtaa wa Isevya. Alikuwa na ugonjwa wa kifua na pumzi yake ililia kama mlango. Ni kweli kwamba baba yake alikuwa Mzaramo aliyefika Tabora na msafara, akaoa huku na asirudi kwao tena. Lakini Yahaya mwenyewe alizaliwa Tabora, akakua Tabora, akawa mtu wa heshima msikitini. Alikuwa kimya sana. Kofia yake ilikuwa nyeupe hata pale kitandani, kwa kuwa mke wake Mwanajuma alimletea safi kila mara alipokuja na chakula.

Jilala alianza siku ile ile.

"Ee Mzaramo! Mla tui! Umekuja kuugua huku kwetu kwa sababu kwenu mmemaliza minazi?"

Yahaya aligeukia ukutani.

Nilipotoka nilipita kitandani kwake. "Shikamoo, kaka," nilimwambia. "Usichukie. Mzee anatafuta mtani."

"Marahaba. Najua anachotafuta," alijibu polepole. "Baba yangu ndiye aliyekuwa Mzaramo. Mambo ya njiani yaliisha na njia yenyewe. Na hata kama hayakuisha, sikia, mama. Nikimjibu neno moja, nimekubali. Nikikubali, ni lazima nimzike. Nitamzika kwa kifua gani? Mimi kutoka hapa mpaka mlangoni napumzika mara mbili. Siwezi kumwahidi mtu anayekufa jambo nisiloliweza."

Nikaona huo si ukaidi. Nilikuwa nimeona jambo jingine pia. Saa za alasiri jua lilipenya dirishani likampiga Jilala usoni akiwa amelala. Yahaya alikuwa akinyoosha fimbo yake taratibu, akausukuma ubao wa dirisha mpaka kivuli kikamfunika mwenzake, kisha akairudisha fimbo mahali pake. Jilala hakujua. Nami sikumwambia, kwa sababu Yahaya hakutaka ajue.

Basi tukaanza kuandika. Lakini Jilala alikuwa na mpango wake.

"Andika," alisema kwa sauti kubwa. "Katika msafara wetu Wazaramo walibeba manyoya ya kuku tu, kwa kuwa kitu kizito kiliwatoa machozi."

"Baba, ni kweli hiyo?"

"Si kweli. Andika. Halafu nisomee, tena kwa sauti."

"Sista alisema niandike maisha yako, baba, si uongo."

"Sista anataka maisha yangu, na maisha yangu yako ndani ya uongo huu. Andika, mwanangu."

Nikaandika. Kila siku nilimsomea tulichoandika, na wagonjwa wengine wakageuza vichwa kusikiliza. Wazaramo walilala jua likiwa utosini. Wazaramo walicheza ngoma mpaka ugali ukaungua, kisha wakaulaumu moto. Mzaramo mmoja alipewa kibuyu cha maji akibebe, kibuyu kikamshinda, na Mzaramo huyo, andika hapo vizuri, alikuwa baba yake Yahaya. Wodi nzima ilicheka. Hata mgonjwa wa mwisho kule, aliyekuwa hajasema neno tangu aletwe, alionekana mabega yakitikisika.

Yahaya hakujibu. Alisali, akala alichopikiwa na mkewe, akalala. Siku moja tu, habari za kibuyu ziliposomwa, nilimwona ameuma mdomo, sikujua kwa hasira au kwa kicheko.

Jilala alikuwa anakwisha. Uji ulimshinda, akawa anataka maji ya asali tu. Masolwa, aliyekuwa akifagia wodi, alikuwa ameanza kuliweka debe la maji juani tangu asubuhi ili maji ya kumwogeshea yasiwe baridi. Hakuna aliyemwagiza. Lakini matusi ya Jilala yalizidi kadiri nguvu zilivyopungua, na kila jioni niliporudi nyumbani nilijiuliza itakuwaje akifa kabla hajajibiwa.

Ndipo Damas alipoingilia kati.

Damas alikuwa dresa mpya, kijana wa Bukoba, mpole, mwenye mikono myepesi ya kufunga vidonda. Kwao pia wana utani, lakini ni wa koo na koo. Huu wetu wa njia ya msafara hakuujua. Yeye aliona mzee mmoja akimtukana mzee mwingine mgonjwa siku baada ya siku, tena akimtukania na marehemu baba yake, na mwenzake akivumilia. Ilimuuma. Asubuhi moja alipiga goti kando ya kitanda cha Jilala, akamshika mkono.

"Babu," alisema, "shikamoo. Wewe ni mtu mzima kuliko sisi sote humu. Usiende safari ile na maneno mabaya mdomoni. Mwombe mzee mwenzako msamaha. Utalala vizuri."

Nilikuwa nakuja na kikombe cha maji ya asali. Nilitaka kusema kitu, lakini Jilala alikuwa amemtazama kijana kwa muda mrefu, na niliona uso wake umebadilika. Alikuwa amechoka. Nadhani aliona kwamba mpango wake umeshindwa, na kwamba hata kijana mwema wa watu wa mbali ameona aibu kwa ajili yake.

Aligeuza kichwa kwenye mto.

"Bwana Yahaya," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekusumbua sana. Nimemsema vibaya na mzee wako, Mungu amrehemu. Naomba unisamehe."

Masolwa aliacha kufagia. Wagonjwa wote wa huku walielewa kilichotokea, Damas peke yake ndiye aliyetabasamu. Mtani haombi msamaha. Mtani akimwomba mtani wake msamaha kwa dhati, na kumwita bwana, amekata tamaa naye. Ni kama kumwambia, wewe si kitu kwangu, tuagane kama wapita njia.

Yahaya alikuwa amelala kifudifudi. Nilimwona akijiinua kwa viwiko, kwanza kimoja, kisha cha pili, akaketi, miguu ikagusa sakafu. Kifua kililia. Alimnyooshea Jilala kidole.

"Nani bwana?" alisema. "Nani bwana yako hapa, wewe punda wa Waarabu? Umebeba meno ya tembo ujana wako wote, na mdomoni mwako halijabaki hata moja! Nani kakuambia mimi nataka msamaha wako? Ufanye nini nao, uuchemshe?"

Damas aliruka. "Mzee! Mzee Yahaya, tafadhali, amekwisha kuomba…"

"Niache, mwanangu, huyu ni wangu," alisema Yahaya, bado kidole hewani. "Na kibuyu! Baba yangu alibeba pembe mbili, Mnyamwezi wewe, mbili, kwa kuwa wajomba zako wamelala na homa. Mama, futa habari za kibuyu!"

"Usifute!" alisema Jilala. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, tumbo limeshikwa kwa mikono miwili kwa maumivu. "Usifute, mwanangu. Kibuyu kibaki. Ee Mzaramo! Kumbe una ulimi! Nilidhani umeuliwa na tui."

"Nyamaza, maiti wewe. Kufa upesi nipate kupumzika."

"Utanizika?"

Hapo Yahaya alikawia. Alivuta pumzi, ikalia, akavuta tena.

"Nitakuzika," alisema. "Na kaburi nitalifanya fupi, nikukunje kama shuka."

Jilala alifumba macho. "Haya," alisema. "Mwanangu, hebu nipe yale maji." Akayamaliza yote, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi.

Damas alinifuata nje ya wodi, amechanganyikiwa. Nilimweleza. Alishika kichwa chake. "Mama, mimi nimeharibu?" Nikamwambia hapana. Lile goti lake ndilo lililofungua kilichokuwa kimefungwa, hata kama alilipiga kwa nia nyingine.

Tangu hapo kuandika kukawa kazi kwelikweli. Jilala alisimulia na Yahaya akabisha, nami nikaandika yote mawili, maana nilishindwa kuamua. Ndipo nilipoipata habari ya Kondo, mtani wake wa kwanza. Kule Mgunda Mkali Jilala alishikwa na ndui, akaketi chini ili afe. Kondo Mzaramo alichukua mzigo wake akauweka juu ya ule wa kwake mwenyewe, akatembea nyuma yake akimtukana tangu Tura mpaka penye maji. Alimtukania mama yake, shangazi zake, mbwa wake. Jilala alikasirika mno, akatembea ili amfikie ampige. Alipofika penye maji hakuwa na nguvu ya kupiga.

"Hiyo ni kweli?" niliuliza.

"Hiyo ni kweli," alisema Jilala.

Nilimtazama Yahaya. Alikuwa akiifuta kofia yake, na mara hii hakubisha.

Kifua cha Yahaya kilipopata nafuu kidogo, daktari alimruhusu arudi nyumbani Isevya, kwa sharti asinyanyue hata nyundo. Mwanajuma alikuja kumchukua. Akiwa mlangoni, ameshikiliwa mkono na mkewe, aligeuka. "Mnyamwezi! Usife Ijumaa, nina kazi."

"Nitakufa Ijumaa," alisema Jilala.

Alikufa Jumanne, baada ya adhuhuri, wakati nikimlowesha midomo kwa kitambaa. Hakusema neno la mwisho. Masolwa hakusubiri kutumwa, alikwisha panda baiskeli kwenda Isevya kabla sijamfumba mzee macho.

Nilikuwa na hofu, sikatai. Niliwaza, Mwanajuma atamkatalia, na atakuwa na haki. Mtu aliyekatazwa nyundo hawezi kuzika. Silasi, katekista wetu, alikuja, akasema kwa upole kwamba jua halingoji, na kama hakuna mtu basi vijana waanze kuchimba. Nikamwomba angoje kidogo. Akaketi nami chini, akangoja, ingawa alikuwa na watoto wa mafundisho wanaomsubiri.

Tulimsikia Yahaya kabla ya kumwona. "Yuko wapi yule mvivu? Amelala tena? Mchana wote huu?" Mwanajuma alikuwa amemshika mkono mmoja, na mpwa wake Lukumani mkono wa pili, nyuma yao vijana wawili wenye majembe. Mwanajuma alikuwa amenuna, lakini begani alikuwa amebeba kipande kizima cha shuka jipya jeupe la kumvisha marehemu. Alinikabidhi.

Sista Agneta alitoka ofisini kuona kelele za nini. Damas alimwahi. Nilimsikia akimweleza, taratibu, kama mtu anayeeleza jambo la kwao: "Huyu ni mtani wake, Sista. Ndiyo kazi yake." Sista alisimama akasikiliza, kisha akatuonyesha mahali pazuri karibu na miti ya misheni, penye udongo laini.

Yahaya aliketi juu ya kiti cha wodi, akawaelekeza wachimbaji na kuwatukana pamoja na marehemu. Alisema sugu zile za mabegani zizikwe peke yake, zina ukubwa wa mtu. Alisema nyuki wa porini leo wanasherehekea. Akina mama waliokuja kulia walijaribu kulia, wakashindwa, wakajificha nyuso kwa khanga. Silasi aliyekuwa na kitabu mkononi alikifunga akacheka waziwazi.

Kaburi lilipokamilika, Yahaya akainuka. "Lazima lijaribiwe," alisema.

"Usishuke," alisema Mwanajuma. "Mwache Lukumani."

"Lukumani alimwahidi nini? Ni mimi."

Walimteremsha kwa mikono. Alilala chali ndani ya kaburi, akanyoosha miguu. Tukangoja neno lake. Halikuja. Tulisikia kifua tu kikivuta, kikikwama, kikivuta. Mwanajuma alipiga magoti ukingoni akamwita kwa jina lake. Nami nilianza kuomba kimoyomoyo, nikaona nimekuja kuzika mmoja na nitaondoka nimezika wawili.

Kisha sauti ikatoka chini, nyembamba lakini wazi. "Ni refu. Mmemharibia. Atajiona mtu mkubwa."

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia msibani tena. Tulimvuta, Damas mkono huu, Silasi mkono ule, mimi na Mwanajuma tumeshika shati. Alikuwa mzito kuliko anavyoonekana. Tukamkalisha juu ya udongo, na Masolwa akaleta maji. Yahaya akanywa, akapumua, akaomba mengine, halafu akawaambia vijana wamlete mtani wake.